Haraka ya Mwokozi

Methali za Kiswahili hupingana mara nyingi, na kila moja huwa kweli mahali pake. Moja yasema kuwa haraka haraka haina baraka. Nyingine yasema kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtu asafiriye kwa hiari yake aweza kuchagua mojawapo na kuifuata mpaka mwisho wa safari. Lakini wako watu ambao kazi yao imewaweka katikati ya methali hizi mbili, wala hawana ruhusa ya kuiacha hata moja. Hao ni madereva wa magari ya dharura, yaani gari la zimamoto, gari la wagonjwa na gari la polisi. Wakichelewa, nyumba huteketea au roho hupotea. Wakikimbia kupita kiasi, huweza kumuua njiani mtu ambaye hakuwa na moto wala maradhi. Historia ya ajali za magari haya ni historia ya swali moja: je, mtu anayekwenda kuokoa maisha ya mmoja ana haki ya kuyahatarisha maisha ya mwingine? Swali hili liliulizwa kwanza barabarani, kisha likaulizwa kortini, na mwisho likaulizwa na wataalamu wenye saa na daftari mkononi. Majibu yao hayakuwa sawa, lakini kila jibu lilisahihisha lile lililotangulia.

Kabla ya motakaa kuzaliwa, mwendo wa msaada ulikuwa mwendo wa miguu ya watu na kwato za farasi. Katika habari za gari la wagonjwa, mtu anayekumbukwa mbele ya wengine ni Dominique-Jean Larrey, tabibu wa majeshi ya Ufaransa. Alipoona kuwa majeruhi waliachwa uwanjani hata mapigano yaishe, alitunga mwaka 1792 mpango wa magari mepesi ya farasi, yaliyoweza kufika karibu na mapigano na kuwatoa majeruhi mapema. Wazo lake lilikuwa kwamba wakati wenyewe ni sehemu ya matibabu, na kwamba dakika iliyopotea njiani hairudishwi na ustadi wa tabibu. Wazo hilo lilitoka jeshini likaingia mijini. Mwaka 1869 hospitali ya Bellevue, New York, ilianza kutumia magari ya wagonjwa chini ya uongozi wa Edward Dalton, tabibu aliyekuwa amelitumikia jeshi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kwa upande wa moto, mji wa Edinburgh uliunda kikosi chake mwaka 1824 chini ya James Braidwood, naye akaitwa London mwaka 1833 kukiongoza kikosi cha huko.

Karne ya 19 ilikuwa karne ya kupunguza dakika. Mji wa Boston uliweka mwaka 1852 masanduku ya telegrafu mitaani, ili habari ya moto ifike kituoni bila kumngoja mtu mwenye mbio. Huko Chicago, mwaka 1878, David Kenyon, mkuu wa kituo kimoja cha zimamoto, alisimamisha nguzo ambayo watu wake waliteleza kwayo kutoka ghorofani mpaka chini badala ya kushuka ngazi. Katika vituo vingi vya Marekani matandiko ya farasi yalitundikwa darini, tayari kushushwa juu ya mgongo wa mnyama mara kengele iliapo. Kila uvumbuzi ulipunguza ukawiaji wa namna yake: ukawiaji wa habari, wa watu na wa wanyama. Mwisho ikabaki sehemu moja isiyoweza kutengenezwa ndani ya kituo, nayo ni barabara. Barabara haikuwa mali ya zimamoto. Ilikuwa mali ya wachuuzi na mikokoteni yao, ya watoto wachezao, ya wazee na ya vipofu. Hivyo sekunde zote zilizookolewa kituoni zilimfuata dereva njiani kama deni, zikimtaka asizipoteze.

Wala haraka yote ya siku zile haikuwa haraka ya huruma. Katika miji ya Marekani, kabla ya vikosi vya kulipwa, kazi ya kuzima moto ilifanywa na vyama vya watu wa kujitolea, na vyama hivyo vilishindana kwa kufika mwanzo na kwa kupata maji mwanzo. Huko New York na Philadelphia mashindano yaligeuka ugomvi, na ugomvi ukawa mapigano hali nyumba ya mtu inawaka. Mabomba yalivutwa kwa kamba mbio mbio, hata juu ya njia za waendao kwa miguu, na aliyeanguka mbele ya magurudumu alikuwa hatarini. Aibu hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu zilizoifanya miji ibadili mpango. Cincinnati ilitangulia mwaka 1853 kwa kuunda kikosi chenye mshahara na mabomba ya mvuke. New York ikafuata mwaka 1865. Mambo hayo yalionyesha mapema jambo ambalo limesahauliwa mara nyingi tangu wakati huo, kwamba haraka yaweza kuvaa joho la uokozi hali ndani yake mna kiburi, na mpita njia hana namna ya kuzitofautisha.

Bomba la mvuke lilikuwa zito, nalo lilikokotwa na farasi wawili au watatu wenye nguvu. Huko London, ambako kikosi cha jiji zima kilianza kazi mwaka 1866, wazimamoto walijifungulia njia kwa sauti za vinywa vyao, wakipiga ukelele mmoja mfululizo mpaka wafike. Kengele ilikuja kuwapumzisha makoo baadaye. Hata hivyo farasi alikuwa na macho yake, hofu yake na uchovu wake. Mshika hatamu alipokosea, mnyama aliweza kusita. Motakaa haikuwa na macho wala hofu. Iliingia katika vikosi mwanzoni mwa karne ya 20, na tarehe 20 Desemba 1922 New York iliwaaga farasi wake wa mwisho wa zimamoto huko Brooklyn. Tangu hapo uangalifu wote ulikaa katika kichwa kimoja, kichwa cha dereva, na kichwa hicho kilikuwa kikisikia kengele.

Katika miaka iyo hiyo barabara nayo ilipata bwana mpya. Tarehe 5 Agosti 1914 mji wa Cleveland, katika jimbo la Ohio, uliwasha taa za umeme za kuongoza magari kwenye njia panda moja. Mpango wake uliobuniwa na James Hoge uliwawezesha polisi na zimamoto kuzitawala taa hizo wakati wa dharura, ili magari mengine yazuiwe na gari la msaada lipite salama. Kwa hiyo dawa ilizaliwa siku moja na ugonjwa wenyewe. Lakini taa zilipoenea duniani, sehemu hiyo ya mpango haikuenea pamoja nazo. Miji mingi ilisimamisha taa zake, ikamwachia dereva wa zimamoto aamue mwenyewe la kufanya anapokutana na rangi nyekundu. Uamuzi mzito uliokuwa wa mji mzima uliwekwa mabegani mwa mtu mmoja, tena katika nafasi ya kufumba na kufumbua.

Uingereza ni nchi ambayo korti zake ziliacha maelezo mapana juu ya uamuzi huo. Sheria ya mwaka 1934 iliweka kikomo cha maili 30 kwa saa mahali penye makazi ya watu. Sheria iyo hiyo iliyatoa magari ya zimamoto, ya wagonjwa na ya polisi katika kifungo hicho, ikiwa kukifuata kungeizuia kazi yaliyokuwa yakiifanya. Ilikuwa rahisi kudhani kuwa ruhusa ya mwendo ni ruhusa ya kila kitu, lakini korti hazikuikubali dhana hiyo. Mwaka 1938 ilisikizwa kesi ya Ward dhidi ya baraza la jiji la London: gari la zimamoto, likienda motoni, lilipita taa iliyolikataza, likagongana na motakaa. Dharura haikuwa kinga. Uzembe uliitwa kwa jina lake. Mwaka 1959, katika kesi ya Gaynor na Allen, swali lilirudi kwa sura nyingine. Askari wa pikipiki aliyekuwa kazini, akienda kwa mwendo uliozidi kikomo, alimgonga mtu aliyekuwa akivuka barabara kwa miguu. Jaji aliamua kuwa, kwa habari ya fidia, askari hupimwa kwa kipimo kile kile apimwacho raia yeyote mwenye kuendesha gari.

Maana ya hukumu hizo yafaa kufahamiwa vema, kwa kuwa ndiyo msingi wa yote yaliyofuata. Sheria ina mikono miwili. Kwa mkono mmoja humtoza faini avunjaye amri. Kwa mkono wa pili humlipa aliyeumizwa. Ruhusa ya kuvuka kikomo hufunga mkono wa kwanza peke yake. Humkinga dereva na faini, lakini haimkingi mpita njia na gurudumu, na kwa sababu hiyo mpita njia hubaki na dai lake kamili. Huo ndio usawa ulioonekana wa haki: jamii yenye kufaidika na haraka ya mwokozi isimwachie gharama ya haraka hiyo mtu mmoja aliyekuwa akivuka barabara kwenda zake.

Kati ya hukumu hizo mbili ilitokea kesi ambayo ilitazama upande wa pili, yaani upande wa waokozi wenyewe, kwa kuwa nao huumia. Mwaka 1951, huko Watford, katika wilaya ya Hertfordshire, simu iliita kituo cha zimamoto kwamba mwanamke amenaswa chini ya gari zito, umbali wa yadi mia mbili au tatu tu. Ilihitajiwa jeki kubwa yenye magurudumu. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya kuichukua jeki hiyo lilikuwa limetoka kwa kazi nyingine. Mkubwa wa zamu aliamuru ipakiwe katika lori la kawaida, na wazimamoto wakapanda nyuma kuishikilia kwa mikono. Njiani dereva alifunga breki ghafula, jeki ikaserereka, na mzimamoto mmoja aitwaye Watt akajeruhiwa. Akadai fidia kwa waajiri wake. Mwaka 1954 Korti ya Rufani ilimnyima. Jaji Denning alieleza kuwa hatari lazima ipimwe katika mizani na lengo lake: lau jeki hiyo ingalichukuliwa kwa ajili ya biashara na faida, mdai angalishinda, lakini kuokoa uhai au kiungo cha mtu ni lengo lenye kuhalalisha hatari kubwa kuliko ile ya kawaida. Papo hapo aliweka mpaka. Alikubali kuwa magari ya zimamoto, ya wagonjwa na ya matabibu hayapaswi kuzipita kwa kasi taa nyekundu, kwa kuwa hapo hatari huwa nzito kuliko faida.

Hukumu ya Watt ilikuwa chungu kwa mtu aliyeumia, na yaweza kuulizwa kwa nini mwokozi abebe mwenyewe maumivu ya kazi iliyofanywa kwa faida ya wote. Hata hivyo ilitoa kitu kilichokosekana, nacho ni mizani. Kabla yake mabishano yalikuwa baina ya wanaosema dharura huhalalisha kila kitu na wanaosema haihalalishi lolote. Baada yake swali likawa la kipimo: ni hatari kiasi gani, juu ya nani, kwa faida gani? Tena ilipambanua mambo mawili yasiyofanana. Mzimamoto aliyepanda lori aliijua hatari na aliikubali pamoja na sare yake. Mtu aliye katika motakaa upande wa pili wa njia panda, mwenye taa ya kijani mbele yake, hakukubali lolote.

Mizani hiyo ilijaribiwa kwa ukali mwaka 1971 katika kesi ya Buckoke dhidi ya baraza kuu la London. Asili yake ilikuwa mfarakano ndani ya kikosi. Wakati huo sheria ya Uingereza iliyasamehe magari ya dharura katika mwendo, lakini haikuyasamehe katika taa nyekundu. Amri ya kikosi iliwakumbusha madereva kuwa sheria huwafunga, kisha ikasema kwamba dereva akiamua kupita, mzigo ni wake, naye hana budi kusimama, kutazama pande zote, kupiga kengele au honi na kuwasha taa yake ya buluu, na asiende mpaka awe na yakini kuwa hakuna hatari ya kugongana. Baadhi ya wazimamoto waliiona amri hiyo kuwa mwaliko wa kuvunja sheria. Wakakataa kupanda gari la dereva asiyetoa ahadi ya kuzitii taa, wakashitakiwa nidhamu, nao wakaenda kortini kutaka amri ile itangazwe kuwa batili.

Mawakili wa pande zote mbili waliulizwa swali ambalo wanafunzi wa sheria wamelikumbuka tangu siku hiyo. Dereva wa gari lenye ngazi amefika kwenye taa nyekundu. Yadi 200 mbele yake nyumba inawaka, na dirishani ghorofa ya juu yuko mtu katika hatari ya kufa. Njia ni nyeupe pande zote, hakuna gari lijalo. Akingoja taa igeuke, yule mtu atakufa. Je, akipita atakuwa amekosa? Jibu lilikuwa kwamba kwa sheria ilivyo amekosa. Denning, ambaye sasa alikuwa mkuu wa korti hiyo, alikiri kuwa jibu ni sahihi, lakini akasema kwamba mtu wa namna hiyo astahili pongezi wala si mashtaka. Amri ya kikosi ikathibitishwa kuwa halali, na madai ya wazimamoto yakakataliwa.

Yamkini msomaji akaona kuwa jaji alijipinga mwenyewe, kwa kuwa mwaka 1954 alikataza na mwaka 1971 alisifu. Lakini matendo mawili hayo hayafanani. Lile alilolikataza ni kuipita taa kwa kasi, kama mtu aliyerithi barabara. Lile alilolisifu ni kusimama, kutazama, kisha kupita. Hatari ya kwanza humwangukia mtu asiyejua. Katika tendo la pili hatari imetafutwa kwa macho ikaonekana haipo. Ubaya uliobaki ulikuwa wa sheria yenyewe, iliyomtaka mtu mwema achague kati ya kuvunja amri na kuacha mtu afe, kisha ategemee huruma ya mwendesha mashtaka. Ubaya huo uliondolewa mwaka 1975, kanuni za alama za barabarani zilipobadilishwa ili kwa magari ya dharura taa nyekundu iwe na maana ya kutoa njia: dereva aweza kupita, mradi asimhatarishe mwingine wala asimlazimishe kubadili mwendo ili kuepa ajali. Maneno hayo machache yalikusanya mafunzo ya miaka karibu arobaini ya kesi.

Historia hii ya korti za Uingereza ina nasaba na Afrika ya Mashariki. Tanganyika ilipokea sheria za kawaida za Uingereza zilizokuwapo tarehe 22 Julai 1920, na Kenya zile zilizokuwapo tarehe 12 Agosti 1897. Hukumu zilizotolewa London baada ya tarehe hizo hazikuzifunga korti za Nairobi wala za Dar es Salaam, bali zilisomwa huko kwa heshima, kama mawaidha ya jirani mwenye umri mkubwa. Kila nchi ikatunga amri zake za barabarani, kama Tanzania ilivyofanya kwa sheria yake ya mwaka 1973. Kwa hiyo mwanafunzi wa sheria katika nchi hizi, akitaka kujua dereva wa gari la wagonjwa ana wajibu gani kwa mwenda kwa miguu, hutazama kwanza amri ya nchi yake. Lakini akitaka kujua mabishano yaliyoizaa kanuni ya wajibu huo, hujikuta amerudi Watford na London.

Korti zilikuwa zikipima hatari na faida, lakini mizani yao ilikuwa na upungufu mmoja: hakuna aliyekuwa amehesabu faida yenyewe. Ilisadikiwa tu kuwa king'ora huokoa wakati mwingi. Mwishoni mwa karne ya 20 watafiti wa Marekani walianza kuupima wakati huo. Huko Greenville, Carolina ya Kaskazini, utafiti uliotangazwa mwaka 1995 ulilinganisha safari za kumpeleka mgonjwa hospitali kwa taa na king'ora na safari za njia ile ile bila hivyo. Tofauti ya wastani ilikuwa sekunde 43.5. Huko Syracuse, katika jimbo la New York, utafiti wa mwaka 2000 ulipata dakika 1 na sekunde 46. Huko Minneapolis, mwaka 1998, ilipatikana dakika 3 na sekunde chache. Hizi si hesabu za kudharauliwa. Kwa mtu ambaye moyo wake umesimama, au ambaye pumzi imemziba, dakika tatu ni umri mzima. Lakini kwa mtu aliyevunjika mkono, au mwenye homa ya siku mbili, sekunde 43 hazibadili lolote isipokuwa hofu yake.

Upande wa hatari nao ulihesabiwa. Serikali ya Marekani ilikadiria kwamba, katika miaka ya 1992 mpaka 2011, magari ya wagonjwa yaliingia katika ajali zipatazo 4,500 kila mwaka kwa wastani, na kwamba watu 33 walikufa kila mwaka katika ajali hizo. Wengi wa waliokufa, karibu theluthi mbili, walikuwa ndani ya magari mengine. Mwaka 2019 ulitangazwa utafiti uliopitia safari zaidi ya milioni 19 za huduma za dharura za Marekani. Wakati wa kumwendea mgonjwa, ajali zilikuwa 4.6 kwa kila safari 100,000 zisizo na taa na king'ora, na 5.4 kwa zile zilizovitumia. Wakati wa kumpeleka hospitali zilikuwa 7.0 bila taa na king'ora, na 17.1 pamoja navyo. Tofauti ya pili ndiyo ya kushangaza zaidi. Hatari ilizidi maradufu katika sehemu ile ya safari ambayo mgonjwa mwenyewe yumo garini, na mhudumu aghalabu amesimama au ameinama juu yake bila mkanda. Haraka iliyokusudiwa kumwokoa ndiyo iliyomweka katika hatari mpya.

Sababu za jambo hilo si za ajabu. Sauti ya king'ora hugonga kuta za majengo na kurudi, hata asikiaye asijue inatoka upande gani. Nayo hupungua sana inapopenya katika motakaa iliyofungwa vioo na kufunguliwa muziki. Mwenye king'ora, kwa kuwa yeye mwenyewe huisikia sauti yake kwa nguvu, hudhani kila mtu ameisikia. Magari mawili ya dharura yakikaribia njia panda moja, kila moja husikia king'ora chake na kukosa kile cha mwenzake. Hata rangi imetiliwa shaka. Mji wa Dallas ulikuwa na magari ya zimamoto ya rangi nyekundu na mengine ya manjano yenye kuelekea kijani, na utafiti wa Stephen Solomon na James King, uliotangazwa mwaka 1995, uliona kuwa yale ya manjano yaligongwa mara chache zaidi. Kwa kuwa jicho la mwanadamu huiona nyekundu kwa shida wakati wa giza. Tena kuna ajali zisizoandikwa kwa jina la gari la dharura kamwe. Jeff Clawson, tabibu wa Salt Lake City, na wenzake walieleza mwaka 1997 habari za ajali za mkondo, yaani zile zinazotokea nyuma ya gari la msaada, pale madereva walioshtuka wanapofunga breki, kupinda ghafula na kugongana wenyewe kwa wenyewe, hali mwokozi amekwisha kupita na hana habari.

Clawson huyu ndiye aliyekuwa ameonyesha, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, kuwa marekebisho makubwa hayaanzii barabarani, bali huanzia kwenye simu. Alitunga maswali yaliyopangwa, ambayo apokeaye simu humwuliza mpigaji, ili ijulikane mapema ni nani anayekata roho na ni nani awezaye kungoja. Kwa njia hiyo king'ora huacha kuwa desturi ya kila safari, nacho huwa dawa inayotolewa kwa kipimo kwa mwenye haja nayo. Karibu na wakati huo wazo la Cleveland lilifufuka pia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Minnesota ulitengenezwa mtambo wa mwanga uwezeshao gari la dharura kuigeuza taa ya njia panda kuwa kijani kabla halijafika. Mabadiliko haya mawili yana maana moja. Yote mawili humwondolea dereva uamuzi aliotwishwa peke yake, na kuurudisha kwa jamii iliyomtuma: mmoja huamua kabla gari halijatoka, mwingine hufungua njia kabla halijafika.

Jumla ya historia hii ni kuwa majibu matatu yalitolewa kwa swali lile moja. Jibu la kwanza, la ukelele na kengele, lilikuwa kwamba mwokozi apishwe na kila mtu, na asiyepisha alaumu nafsi yake. Jibu la pili, la korti, lilikuwa kwamba mwokozi apishwe, lakini deni lake kwa mpita njia halifutwi na wema wa safari yake. Jibu la tatu, la hesabu, ni kwamba safari nyingi zilizofanywa kwa haraka hazikuhitaji haraka, na kwamba haraka ni kitu cha thamani ambacho hakifai kutumiwa ovyo. Jibu la tatu halikulipinga la pili, bali lililitimiza; kwa kuwa mizani ya Denning haikuweza kutumika kwa haki mpaka vitu vya pande zote mbili viwe vimepimwa.

Wala methali mbili za wahenga hazikuwa na ugomvi wa kweli. Ngoja ngoja ilisemwa kwa ajili ya yule mtu dirishani, ambaye moto umemfikia na ambaye hana wa kumtegemea ila ngazi iliyo yadi 200 kutoka kwake. Haraka haraka ilisemwa kwa ajili ya yule aliye njia panda, ambaye ana taa ya kijani na watoto wake katika kiti cha nyuma. Dereva wa gari la dharura hakupewa ruhusa ya kuchagua kati ya watu hawa wawili. Alipewa kazi ya kuwafikisha wote jioni wakiwa hai, na gari lililopinduka njiani halikumfikia hata mmoja wao.